Jiko la Kuni Lipimwe kwa Sufuria

Watu wanaokuja katika ofisi yetu ya kilimo huuliza habari za mbegu, mbolea na dawa ya kupe. Lakini kwa kuwa miti ya mashambani imepungua, wengi wao huongeza swali moja kabla ya kuondoka: "Nataka kujenga jiko zuri la kuni. Nijenge la ukubwa gani?" Swali hilo lafaa sana, maana walio wengi hawaliulizi kamwe. Hununua jiko kwanza, kisha ndipo watafutapo sufuria ya kulitosha. Hiyo ni sawa na kununua viatu bila kupima mguu.

Tena mtu asiseme kwamba haya ni mambo ya wanawake na jikoni, hayana nafasi katika gazeti la wakulima. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, zaidi ya nusu ya nyumba zote za Kenya zilikuwa zikipika kwa kuni, na huko mashambani ni nyingi zaidi ya hapo. Kuni ni zao la shamba kama mahindi. Mkulima mwenye ekari mbili na mstari mmoja wa migrivilea mpakani, ikiwa jiko lake hula mizigo miwili mahali pa mmoja, hana budi kununua kuni, au kukata mti uliokuwa umebakiza miaka michache kuwa mbao. Na kabla hajafika huko, mke wake na watoto wamekwisha tembea mwendo mrefu kutafuta vijiti.

Kwanza tuulize moto huenda wapi

Kilo moja ya kuni kavu ina nguvu kuliko watu wadhanivyo. Lau moto wake wote ungeingia majini, ungeweza kuchemsha lita 50 za maji na kuzidi kidogo. Lakini juu ya mafiga matatu, mahali panapopita upepo, ni sehemu moja tu katika kumi, au zaidi kidogo, inayoingia katika sufuria. Kwa hiyo kilo ile ile huchemsha lita tano au sita tu.

Je, zile lita 45 zimepotelea wapi? Moto mwingine umetoka ubavuni na kupasha miguu ya mpishi. Mwingine umepanda kando ya sufuria bila kuigusa, ukaenda darini. Mwingine umeingia katika ardhi na mawe. Na sehemu nyingine haikuwaka kabisa, imetoka kuwa moshi. Maana moshi mweusi si kitu kingine ila kuni ambazo hazikumaliza kuungua. Mama anayekohoa jikoni anavuta kuni zake mwenyewe kifuani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu 3,200,000 duniani, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano.

Jiko bora hufanya mambo matatu. Huufungia moto katika chumba kidogo chenye kuta nene ili uwe mkali na kuuchoma moshi wake wenyewe. Huleta hewa kutoka chini ya kuni. Kisha huibana hewa ya moto ipite karibu sana na chuma cha sufuria kabla ya kutoroka. Ukiyashika hayo matatu, utaona mwenyewe kwa nini ukubwa una maana.

Kubwa mno na dogo mno

Watu wengi huamini kwamba jiko kubwa ni jiko zuri, kama vile ghala kubwa lilivyo bora kuliko ghala dogo. Sivyo. Ghala tupu halili kitu, lakini jiko kubwa hula kila siku.

Nitatoa mfano wa nyumba moja ya Kinangop, watu sita. Bwana mwenye nyumba alikuwa akijitayarisha kwa arusi ya ndugu yake, akamwita fundi amjengee jiko lenye mdomo wa sentimita 20 kwa 20. Mkewe alisema, "Baba watoto, sufuria yetu itazama humo." Akajibiwa, "Wageni watakuja, mama. Hatutaki aibu." Arusi ilipita kwa siku mbili. Jiko likabaki, na sufuria ya ugali ya watu sita ikaketi juu ya shimo lile kama kofia ya mtoto juu ya kichwa cha mzee. Moto ukawa unapita pande zote. Tena mdomo ukiwa mpana, mkono hujaza. Mtu haoni raha kutia vijiti vitatu katika pango. Rundo la kuni lililokuwa likitosha mwezi mzima kwa mafiga likawa haliwafikishi mwisho wa mwezi. Yaani jiko "bora" lilikuwa baya kuliko mawe matatu.

Tufanye hesabu. Mdomo wa 20 kwa 20 ni sentimita mraba 400. Mdomo wa 12 kwa 12 ni 144. Bwana yule alidhani ameongeza sentimita nane tu, kumbe ameongeza nafasi ya moto karibu mara tatu. Hata ukitoka 12 kwenda 14 umeongeza zaidi ya theluthi moja. Kwa sababu hiyo usimwache fundi akadirie kwa macho.

Dogo mno nalo lina taabu zake. Sufuria nzito juu ya jiko dogo huyumba, na wakati wa kusonga ugali huweza kupinduka na kumchoma mtu. Maji huchukua muda mrefu kuchemka, mpishi hachoki kupasua vijiti vyembamba, na mwisho wake hukasirika na kurudi kwenye mafiga. Nimeona majiko mengi ya namna hii yamegeuzwa viota vya kuku.

Namna ya kuchagua

Anza na sufuria, tena si sufuria yo yote. Usichague ile ya arusi wala ile ya chai ya mtu mmoja. Chagua ile ambayo mkono huishika mara nyingi katika juma. Ukitaka kuijua, muulize mpishi. Ikiwa mwenye fedha ni mwingine, basi na aulize kwa unyenyekevu. Katika nyumba nyingi itakuwa ni sufuria ya ugali au ya githeri.

Chukua uzi, uzungushe mdomo wa sufuria mara moja, upime uzi huo kwa rula, kisha ugawanye kwa 22/7. Ukipata uzi wa sentimita 82 hivi, upana wa sufuria ni 26. Sasa pima kina chake. Ikiwa kina ni sentimita 13, nusu ya upana mara nusu ya upana mara 22/7 mara kina, yaani 13 × 13 × 22/7 × 13, ni karibu 6,900, nayo ni lita saba kasoro kidogo. Hii ndiyo sufuria ya nyumba ya watu watano au sita, na chakula kisifike ukingoni.

Kwa sufuria yenye upana wa sentimita 24 hadi 30, mahali pa moto pawe na upana wa sentimita 12. Hiki ndicho kipimo cha nyumba zilizo nyingi. Ikiwa kila siku, nasema kila siku, unapika chakula kinachozidi lita kumi, kwa kuwa una wafanya kazi au jamaa nyingi, basi fanya 14. Kupita hapo ni majiko ya shule na hoteli, nayo yana mafundi wake.

Urefu nao una kipimo. Katika jiko la kujijengea lenye umbo la kiwiko, ambapo kuni huingia kwa chini na moto hupanda wima, shimo la kupanda moto liwe na urefu wa karibu mara mbili na nusu ya upana wake, wala lisipite mara tatu. Kwa upana wa 12 ni sentimita 30 hadi 36. Likiwa fupi, ndimi za moto hugonga sufuria iliyo baridi kabla hazijamaliza kuwaka, na masizi ndiyo malipo yake. Likiwa refu, moto hupoa njiani.

Mkulima anayenunua lile jiko lenye chombo cha udongo wa kuchomwa hana haja ya kupima hayo yote, kwa maana mfinyanzi amekwisha pima. Majiko hayo yalienezwa hapa Kenya katika miaka ya 1980 na chama cha Maendeleo ya Wanawake pamoja na Wizara ya Nishati na wataalamu kutoka Ujerumani, ndiyo sababu watu huyaita jiko la Maendeleo. Wengine husema Upesi, na wengine jiko kisasa. Kazi yako ni kwenda sokoni na sufuria yako mkononi. Iweke juu ya jiko hapo hapo dukani, wala usione haya. Iketi juu ya vifundo vyote vitatu bila kucheza. Kisha ligonge jiko kwa kifundo cha kidole: lililo zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti ya kibuyu kibovu. Usikubali likatwe mdomo ili "kuni kubwa ziingie." Kuni ndizo za kupasuliwa.

Nafasi chini ya sufuria

Hapa ndipo mafundi wengi hukosa, nami nitakaa hapa kidogo. Mmarekani mmoja jina lake Larry Winiarski, aliyefanya kazi ya majiko tangu miaka ya 1980, alifundisha kanuni iliyo rahisi: njia ya hewa ya moto isiwe nyembamba mahali pamoja na pana mahali pengine. Ukubwa wa njia uwe mmoja tangu mdomo wa kuni mpaka ukingo wa sufuria.

Maana yake ni nini kwa yule mwenye jiko la 12 kwa 12? Njia yake ni sentimita mraba 144. Moto ukitoka shimoni hupita chini ya sufuria na kutokea ukingoni pande zote, na ukingo huo tumekwisha uona ni sentimita 82. Gawanya 144 kwa 82, utapata moja na robo tatu. Basi hiyo ndiyo nafasi kati ya jiko na sufuria pale ukingoni: sentimita moja na robo tatu, karibu unene wa kidole gumba cha mtu mzima. Katikati, juu ya shimo lenyewe, mzunguko ni 48, na 144 ukigawanya kwa 48 ni tatu. Kwa hiyo uso wa juu wa jiko uwe na bonde kidogo, kina kikubwa katikati na kidogo ukingoni.

Nafasi ikiwa kubwa, mathalani sentimita tano, hewa ya moto hupita mbali na chuma kama basi lisilosimama kituoni. Ikiwa ndogo kama unene wa penseli, moshi hukosa pa kutokea, hurudi kwa mlango wa kuni na kumfuata mpishi machoni. Ukiona moshi watoka mlangoni, usimlaumu fundi wala upepo kabla ya kuingiza kidole na kupima.

Nyumba za milimani

Wakulima wa Kinangop, Molo na Timboroa mara nyingi huambiwa kwamba maharagwe yao ni magumu. Maharagwe hayana kosa. Maji huchemka kwa joto pungufu kadiri tupandavyo mlima, karibu digrii moja kwa kila mita 300. Mombasa maji huchemka kwa digrii 100. Kinangop, kwenye mita 2,500 hivi, huchemka kwa 92 tu. Wala huwezi kuyapita kwa kuongeza kuni. Maji yakichemka yamechemka. Moto unaozidi hapo huyageuza kuwa mvuke, na mvuke hauivishi githeri.

Basi mtu wa milimani hushawishika kujenga jiko kubwa, akidhani joto litazidi. Afadhali ajenge la kipimo kile kile, aroweke mahindi na maharagwe usiku kucha, afunike sufuria kwa kifuniko kinachoshika, na mara chakula kikichemka atoe vijiti abakize kimoja au viwili. Walio na kikapu cha kuhifadhi moto, kile kinachojazwa matambara au majani makavu, waweza kumalizia humo. Saa mbili za mwisho za githeri ndizo zinazokula kuni nyingi, nazo zahitaji moto kidogo sana.

Wazee wa milimani wana neno jingine, nalo ni la haki. Husema jiko la kisasa halipashi nyumba. Ni kweli: joto lililokuwa likiwaota wao sasa limeingia katika sufuria. Lakini dawa yake si kupanua jiko. Ukilipanua kwa ajili ya baridi ya mwezi wa Julai utalipia Januari na Februari. Kaa karibu na jiko wakati wa kupika, na ukuta wake mnene utatoa vuguvugu baadaye. Wala mtu asiingize jiko la makaa katika chumba cha kulala na kufunga madirisha. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki.

Shimo moja au mawili?

Jiko la mashimo mawili lafaa nyumba ambayo hupika ugali na mboga kwa wakati mmoja, kila siku. Shimo la pili hupokea moto uliokwisha tumika katika la kwanza, kwa hiyo mboga huiva polepole na maji ya kuoga hupata vuguvugu bila kijiti cha ziada. Lakini lisiachwe wazi. Shimo la pili lisilo na sufuria ni dirisha la kutupia kuni nje. Kama wewe hupika chungu kimoja kwa wakati, chukua la shimo moja.

Ukiweka bomba la moshi, lenye upana wa sentimita 10 latosha kwa jiko la nyumba, nalo lipite juu ya kilele cha paa. Lisipopita, upepo huusukuma moshi urudi ndani. Mahali linapopenya paa la nyasi huwa pa hatari. Hapo bomba lizungukwe na udongo au bati, lisiguse nyasi. Asiyeweza kununua bomba afungue tundu kubwa la juu ukutani, upande usiopigwa na upepo, na ajenge jiko karibu na tundu hilo.

Karamu je? Kwa karamu hakuna kitu kilicho bora kuliko mafiga matatu uani. Mawe hupokea sufuria ya kila namna, na hiyo ndiyo sifa yake ambayo jiko la kujengwa halitaipata. Yaweke pembeni, siku ya wageni yatoe.

Kulijaribu kabla ya kulisifu

Azima mizani ya kuning'iniza, ile itumikayo kupimia majani ya chai au viazi. Pima kilo mbili za kuni kavu, zilizopasuliwa unene wa kidole gumba hadi vidole viwili. Kuni mbichi hazifai kwa jaribio wala kwa kupikia. Kuni iliyokatwa jana yaweza kuwa nusu yake ni maji, na jiko litatumia moto kuyakausha hayo kwanza. Tia lita tatu za maji katika sufuria ya kila siku, funika, washa. Yakichemka kwa nguvu, toa kuni zilizobaki, zizime kwa mchanga, zipime tena.

Ikiwa umetumia nusu kilo au zaidi, jiko lako halijayashinda mafiga, na yafaa kutazama nafasi chini ya sufuria kabla ya kitu kingine. Ikiwa umetumia robo kilo au theluthi, liko sawa. Fanya hivyo mara tatu kwa siku mbalimbali, maana upepo na mkono wa mpishi hubadilika. Andika katika daftari, siku na uzito. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya kazi hiyo, na atajifunza kugawanya kwa namna ambayo ubao haumfundishi.

Anayejenga mwenyewe atumie udongo wa kichuguu uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwa na samadi mbichi ya ng'ombe, uachwe siku kadhaa uchachuke kabla ya kukandwa. Jiko likiisha, liachwe kivulini likauke majuma mawili au matatu. Likiharakishwa juani hupasuka. Moto wa kwanza uwe mdogo, wa vijiti viwili vitatu. Udongo ukikauka husinyaa, kwa hiyo siku hiyo ya moto wa kwanza pima tena nafasi ya ukingoni, na kama imezidi kidole gumba, punguza urefu wa vile vifundo vya udongo vinavyobeba sufuria. Fanya hivyo pia kila ununuapo sufuria mpya.